Herufi Mbili za Wakuu

Paskalia Msimbe alizaliwa Bunduki, juu kabisa kule Mgeta, mahali ambapo mtu akisimama kwenye shamba lake la kabichi anaona paa la jirani chini ya miguu yake. Shamba lilikuwa la ukoo wa mama yake, kama ilivyo desturi ya Waluguru, na baba yake alililima kwa uangalifu wa mtu anayejua kuwa ardhi si yake. Alfajiri walishuka na matenga ya njegere na kabichi hadi barabarani, wakangoja lori la kwenda Mlali na mjini. Masista wa misheni walimsomesha, akamaliza kidato cha nne, akajifunza kupiga chapa Morogoro mjini, na mwaka 1976 akaajiriwa na Taasisi ya Mbegu na Mvua iliyokuwa upande wa Kihonda, kati ya mashamba ya mkonge na nyumba chache za matofali.

Alikuwa mpiga chapa wa ajabu kidogo. Wenzake walisoma maneno, yeye alisoma herufi. Aliweza kupiga ripoti nzima ya ugonjwa wa mahindi bila kosa hata moja, na ukimuuliza ripoti inasema nini, anacheka. Kwa sababu hiyo, kompyuta ilipokuja Aprili 1982 ndani ya masanduku saba, kwa kibali maalumu kilichochukua miaka miwili kupatikana, Mkurugenzi hakuhangaika kutafuta mtu kutoka Dar es Salaam. Alisema, "Mpeni Paskalia."

Mashine ilitolewa kama msaada, na pamoja nayo alikuja mtaalamu mmoja mrefu kutoka Ulaya, ambaye jina lake liliwashinda watu wote kutamka, wakamwita Bwana Mtaalamu tu. Alikaa wiki sita. Alifunga kiyoyozi, akapanga meza nne zenye skrini, akamfundisha Paskalia kila jambo kwa Kiswahili cha kitabuni na mikono mingi. Kisha akapanda gari, akaondoka.

Meza zilikuwa nne na wafanyakazi waliohitaji kuzitumia walifika thelathini. Ndani ya mashine hiyo moja kulikuwa na kila kitu: takwimu za mvua, majaribio ya mbegu, bajeti, na mambo ya siri ya wafanyakazi. Vyote viliwekwa katika sehemu ambazo Paskalia aliziita makabati. Ilibidi kila mtu afungue kabati lake tu. Lakini mashine haina macho, wala haijui cheo cha mtu. Inachojua ni jina unalopiga na neno lako la siri. Kwa hiyo kulikuwa na orodha moja ndani yake, orodha ya ruhusa, na kila mstari wa orodha hiyo ulisema: jina fulani, makabati fulani.

Bwana Mtaalamu alimwonyesha njia ya mkato. Ukiandika herufi chache kisha ukaweka alama ya nyota, mashine huelewa hivi: yeyote ambaye jina lake linaanza na herufi hizi, hata likimalizika vipi. Wakuu wa Taasisi walikuwa watano, nao hawakupenda majina yao yaonekane ovyo kwenye skrini, kwa hiyo walipewa mk1, mk2, mpaka mk5, yaani mkuu wa kwanza, mkuu wa pili, na kuendelea. Kwao wote mstari ulikuwa mmoja tu: mk, nyota, makabati yote.

"Kwa nini nyota?" Paskalia aliuliza. "Si watano tu?"

"Wakuu huongezeka," alisema Bwana Mtaalamu.

Wafanyakazi wengine Paskalia alikataa kuwapa namba. Alisema mtu si gunia. Kila mmoja aliingia kwa jina la ukoo wake, kwa herufi ndogo, na wengi walifurahi kuona majina ya babu zao yaking'aa kwa rangi ya kijani.

Miaka miwili ikapita hivyo. Ilikuwa miaka migumu. Sabuni ilipatikana kwa foleni, mafuta ya taa kwa foleni, na karatasi za kompyuta ziligeuzwa na kuchapwa upande wa pili. Umeme ulikatika na kurudi. Paskalia aliolewa, akazaa binti, Ester, akarudi kazini. Kila aliyeingia chumbani kwake alivua viatu mlangoni, hata Mkurugenzi.

Machi 1984 Taasisi iliamua kwamba takwimu za mvua ziingizwe na mtu anayezijua, badala ya kupitia kwa karani. Mtu huyo alikuwa Salehe Mkude wa Mkuyuni, aliyekuwa amekaribia miaka hamsini na mitano. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amezunguka kwa baiskeli na kwa miguu kwenye vipimo vya mvua vya pande zote za milima, akiandika kwenye madaftari kwa mwandiko mzuri wa chuo. Sasa magoti yalimchosha.

"Shikamoo mzee," Paskalia alimpokea.

"Marahaba, mwanangu. Wameniambia nije nikae na mvua ndani ya nyumba."

Alimfundisha siku nne. Alikuwa mwepesi kuliko vijana wengi, kwa sababu hakuona aibu kuuliza jambo mara tatu. Siku ya tano Paskalia alimwandikisha kwenye orodha: mkude, kabati la mvua. Mzee alipiga jina lake kwa kidole kimoja, akapiga neno lake la siri huku akifunika vibonye kwa mkono wa pili, na mashine ikamkaribisha. Wote wawili walicheka kwa furaha. Paskalia alitazama mlango ukifunguka, akaridhika. Hakutazama ni milango mingapi iliyofunguka.

Wiki tatu baadaye, mwanamke mmoja wa maabara ya mbegu, Josephina, aliingia ofisini kwa afisa utumishi, Mikaeli Kobelo, bila kubisha hodi. Alikuwa analia.

"Ndugu Kobelo, nimesikia napelekwa Kisaki. Ni kweli?"

Kobelo aliweka kalamu chini. Kisaki ilikuwa mbali, ukingoni mwa pori la wanyama, na Taasisi ilikuwa inafungua kituo kidogo huko. Majina matatu yalikuwa yamependekezwa, lakini barua hazijatoka.

"Nani amekuambia?"

"Mama yangu hawezi kuinuka kitandani. Mimi ndiye ninayemgeuza. Nitamwacha na nani?"

"Josephina, nakuuliza, nani amekuambia?"

Josephina alifuta machozi kwa kiganja. Kobelo alimruhusu aende, kisha akaenda moja kwa moja chumba cha kompyuta. Alikuwa mtu wa utaratibu, si mkatili, lakini kitu kimoja kilimuumiza: orodha ile ya uhamisho alikuwa ameiandika mwenyewe kwenye mashine, kwa mkono wake, makusudi ili isipite kwa wapiga chapa.

"Mashine hii inakumbuka nani amefungua nini?" aliuliza.

"Inakumbuka," alisema Paskalia. Alichapa kumbukumbu ya wiki ile. Walisimama wakiisoma pamoja, karatasi ikining'inia kati yao. Kabati la utumishi lilikuwa limefunguliwa na mk3, ambaye ni Kobelo mwenyewe, mara sita. Na Jumanne, saa nne na dakika ishirini asubuhi, lilikuwa limefunguliwa na mkude.

Kobelo alisoma mara mbili. "Mzee Salehe," alisema polepole. "Ameiba neno langu la siri?"

"Hapana. Ameingia kwa jina lake."

"Basi amevunja mlango. Hii ni hujuma."

Neno lile lilikuwa zito mwaka ule. Mwaka mmoja kabla yake watu walikuwa wamekamatwa nchi nzima kwa jina la wahujumu uchumi, na Morogoro wengine walitupa magunia ya sukari mtoni wasiambiwe kwamba wameificha. Mtu akiitwa mhujumu, hata jirani yake alianza kupita njia nyingine. Kabla ya saa sita mchana Salehe Mkude alikuwa amesimamishwa kazi, ameambiwa asiondoke eneo la Taasisi, na amekaa kwenye benchi la mlinzi getini akiwa ameshika kofia yake magotini. Kesho yake saa tatu Mkurugenzi angeamua kama apelekwe polisi.

Paskalia alimfuata pale benchini.

"Mzee, ulifanyaje?"

"Nilifanya ulivyonifundisha. Niliandika jina, nikaingia, nikaomba orodha ya makabati ili nifungue la mvua. Siku za kwanza sikuangalia mengine, maana uliniambia langu ni la mvua. Jumanne nikaona moja limeandikwa uhamisho. Wewe unajua tulivyoambiwa mwezi huu, kwamba vipimo vya Matombo na Tawa vitahamishwa. Nikadhani ni uhamisho wa vipimo. Nikafungua. Nikakuta watu."

"Ukasoma?"

"Majina matatu yanasomeka kabla hujaamua kutosoma." Aliigeuza kofia magotini. "Lakini kumwambia Josephina, hilo nililiamua. Mama yake Josephina alinipa maji na uji miaka mingi nikipita kwao na baiskeli. Sikuweza kukutana naye njiani nikasalimia tu. Hilo nimelifanya, mwanangu, wala silikani. Kuvunja mlango sikuvunja. Niliukuta wazi."

Paskalia alirudi chumbani, akafunga mlango, akakaa mbele ya skrini. Wengine walikuwa wamekwenda kula. Kiyoyozi kilinguruma, na dirishani mvua ya masika ilikuwa imeufunika mlima wote mpaka usingejua kama kuna mlima. Alifungua orodha ya ruhusa. Alisoma mstari wa mkude: kabati la mvua tu. Ulikuwa sawa. Akapanda juu mstari mmoja mmoja, mpaka akafika mwanzo kabisa, kwenye mstari ambao hakuugusa tangu Bwana Mtaalamu aondoke.

mk, nyota.

Alisoma herufi za jina la mzee kama alivyozisoma maelfu ya majina, moja baada ya nyingine. M. K. Baada ya hapo mashine haikujali. U, D, E ilikuwa sawa na namba moja au namba tano. Siku ile alipomwandikisha mzee na wakacheka pamoja, alikuwa amemfanya mkuu wa sita wa Taasisi.

Na hapa ndipo kuna jambo ambalo Paskalia alilieleza baadaye kwa sauti ya chini, kila aliposimulia habari hii. Katika Taasisi nzima hapakuwa na mtu mwingine aliyeweza kusoma ile orodha. Ulikuwa ni mstari mmoja. Angeufuta, angeandika mk1 mpaka mk5, na ingekuwa kana kwamba haukuwahi kuwepo. Mzee Salehe angebaki na maneno yake kwamba alikuta mlango wazi, na mlango ungekuwa umefungwa. Vidole vyake vilikuwa juu ya vibonye. Alifikiria mtoto wake Ester, akafikiria nyumba ya Taasisi waliyokuwa wanakaa, akafikiria neno hujuma likiandikwa mbele ya jina la Msimbe. Alikaa hivyo, akikadiria, kwa muda wa sala moja ya rozari.

Kisha akaondoa mikono. Aliuacha mstari kama ulivyo, kwa sababu huo ulikuwa ushahidi pekee wa mzee. Akafunga chumba kwa kufuli, ufunguo akaukabidhi kwa mlinzi mbele ya Salehe, akasema, "Mtu yeyote asiingie mpaka kesho saa tatu. Hata mimi."

Usiku ule alimweleza mumewe, Stefano, fundi wa reli. Stefano alisikiliza mpaka mwisho, akauliza tu, "Utaweza kulisema mbele yao?" Paskalia alisema hajui. Alilala vibaya.

Asubuhi Mkurugenzi, Dokta Mahimbo, alikuwa amekwisha kaa, Kobelo pembeni yake na karatasi ya kumbukumbu mezani. Salehe alisimama karibu na mlango. Dokta Mahimbo alikuwa mwanasayansi wa udongo, mtu mpole, mzito wa kusema, aliyezoea kungoja miaka mitatu ili jaribio limpe jibu.

"Ndugu Mkurugenzi," alisema Paskalia kabla hajaulizwa, "naomba twende chumba cha mashine. Nina jambo la kuonyesha. Kosa ni langu, si la mzee."

Walikwenda, wakavua viatu. Paskalia akakaa.

"Nipeni neno lolote linaloanza na herufi m na k."

Wanaume walitazamana. "Mkate," alisema Dokta Mahimbo.

Paskalia akamwandikisha mtumiaji mpya, mkate, bila kumpa kabati hata moja. Akatoka, akaingia tena kwa jina hilo. Skrini ikajaa makabati yote ya Taasisi: bajeti, utumishi, barua za Mkurugenzi.

Dokta Mahimbo aliinama akasoma barua yake mwenyewe ya jana. "Mkate mjini haupatikani wiki ya pili hii," alisema, "kumbe umekuja kuwa mkuu hapa."

Hakuna aliyecheka ila yeye, naye kidogo tu. Paskalia akawafungulia orodha, akawaonyesha mstari, akaeleza kazi ya nyota. Alieleza kwamba mstari ulikuwepo tangu 1982 bila madhara, kwa sababu mpaka Machi hapakuwa na mfanyakazi mwenye jina la kuanza na herufi hizo aliyetumia mashine. "Bwana Mtaalamu aliuandika," alisema, "lakini mimi ndiye niliyemwandikisha mzee. Nilitakiwa kusoma orodha yote kwanza. Nilisoma mstari wangu tu."

"Kwa hiyo mhujumu ni wewe," alisema Kobelo. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Yeye ndiye aliyetamka lile neno jana mbele ya watu.

"Ndugu Kobelo, mimi ni mzembe. Mhujumu ni anayekusudia. Kama ningekusudia, jana mchana ningeufuta mstari huu, na leo tungekuwa tunamjadili Mzee Salehe peke yake. Ufunguo ulilala kwa mlinzi. Muulizeni."

Dokta Mahimbo alimgeukia Salehe.

"Mzee Mkude, hukuvunja mlango. Lakini habari ya siri uliitoa."

"Niliitoa, Ndugu Mkurugenzi."

"Ungeiona tena, ungefanyaje?"

Salehe alifikiri kwa uaminifu. "Ningekuja kwako kwanza," alisema. "Kisha ningekuomba ruhusa ya kumwambia."

Uamuzi ulitoka siku ile ile. Salehe alirudi kwenye mvua yake akiwa na barua ya onyo. Paskalia naye alipewa barua ya onyo, na akaondolewa chumba cha mashine, akarudishwa kwenye meza ya kupiga chapa. Kabla ya kukabidhi aliachiwa saa moja ya kurekebisha orodha, huku Kobelo akisimama nyuma yake. Alifuta nyota. Akaandika wakuu watano, mmoja mmoja, kila mmoja na mstari wake. Kobelo aliangalia mpaka mwisho, kisha akasema kwa shida, "Jana nilitamka vibaya. Nitamwambia mzee." Na kweli alimwambia, mbele ya mlinzi, palepale kwenye benchi.

Josephina hakuepuka uhamisho. Kituo cha Kisaki kilihitaji mtu wa mbegu, naye alikuwa mzuri kuliko wote. Lakini kwa kuwa alijua mapema, na kwa kuwa Mkurugenzi sasa alikuwa amesikia hali ya mama yake, safari ilisogezwa hadi Julai, baada ya masika. Salehe alimsaidia kumpeleka mama kwa dada yake Mlali, wakiwa nyuma ya lori lililokuwa likirudi tupu kuchukua mboga, bibi amelazwa juu ya magodoro mawili na kufunikwa na kanga tatu. Josephina alikaa Kisaki miaka minne. Alikuja Mlali kila alipopata lifti, na mama yake alifariki akiwa mikononi mwake, katika moja ya likizo hizo.

Paskalia alikaa kwenye taipureta miezi tisa. Anasema haikuwa miezi mibaya. Aliaibika wiki za kwanza, kisha akazoea kuaibika, kisha ikaisha. Kijana msomi aliyeletwa kutoka Dar es Salaam kushika nafasi yake aliuona mji mdogo, akapata kazi kwenye shirika moja la umma, akaondoka Desemba. Mashine ilikaa kimya sikukuu nzima. Januari Dokta Mahimbo alikuja mwenyewe kwenye chumba cha wapiga chapa.

"Paskalia, rudi kwenye chumba chako."

"Nitarudi, Ndugu Mkurugenzi, kwa sharti moja. Mstari wowote mpya kwenye orodha ya ruhusa usomwe na watu wawili, toka juu mpaka chini, kabla haujaanza kazi. Peke yangu sitaki tena."

"Mtu wa pili nani?"

"Mzee Salehe. Amesoma namba za mvua miaka ishirini bila kuruka siku hata moja."

Dokta Mahimbo alikubali. Kuanzia hapo, kila mfanyakazi mpya alipoandikishwa, wawili hao walikaa mbele ya skrini moja, mzee akiwa na miwani iliyofungwa uzi, wakisoma orodha nzima kwa sauti. Ilichukua karibu nusu saa. Watu walilalamika kwamba wanacheleweshwa. Mwezi wa tatu mzee alimshika Paskalia mkono alipotaka kupita haraka.

"Ngoja. Huu mstari wa mb, nyota, ambao yule kijana wa Dar es Salaam aliwaandikia watu wa mbegu. Yule karani mpya wa bajeti anaitwa nani?"

"Rosa Mbena," alisema Paskalia, akaondoa kidole kwenye kibonye.

"Basi," alisema Salehe, "andika kwa majina. Mimi nina muda."